Uhakiki wa Vigezo vya Urahisi wa Matumizi ya Intraneti kwa Kurejelea Mazingira ya Kazi ya Ghuba ya Chole, Kisiwani Mafia

Ikisiri

Uhakiki huu unachunguza vigezo vinavyotumika sana kupima urahisi wa matumizi ya intraneti, yaani mtandao wa ndani ambao watumishi wa taasisi hutumia kupata nyaraka, kujaza fomu na kupashana taarifa za kazi. Vigezo vinavyohakikiwa ni fasili ya kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11, kanuni 10 za tathmini za Jakob Nielsen, na rai ya mtaalamu huyo kuhusu idadi ya watumiaji wanaotosha katika majaribio. Mazingira yanayorejelewa ni ya Ghuba ya Chole, ambako kazi hufuata maji kujaa na kupwa na ambako ofisi nyingi ni vituo vya mbali vya taasisi zenye makao makuu kwingineko. Hoja kuu ni kwamba waasisi wa vigezo hivyo waliviwekea masharti, na masharti hayo ndiyo huachwa pale vigezo vinapotumiwa kwa haraka. Uhakiki unaonesha matokeo ya kuachwa huko katika lugha ya kiolesura, mpangilio wa taarifa, muda wa kazi na matumizi ya kifaa cha pamoja. Unahitimisha kwamba kufunguka kwa ukurasa si ushahidi wa kukamilika kwa kazi, na kwamba pengo kati ya mambo hayo mawili huishia kuwa lawama kwa mtumishi wa kituo.

1.0 Utangulizi

Kwa zaidi ya muongo mmoja, ofisi za umma nchini Tanzania zimekuwa zikihamisha kazi kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye mifumo ya kielektroniki. Wakala ya Serikali Mtandao ilianza kazi mwaka 2012, na Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 ikaanzisha Mamlaka ya Serikali Mtandao mahali pake. Barua ambayo zamani ilipita masjala, ikapewa namba ya folio na kubebwa ndani ya jalada hadi mezani kwa ofisa, sasa katika taasisi nyingi hupita kwenye Mfumo wa Ofisi Mtandao. Kuanzia mwaka wa fedha 2023/24, tathmini ya utendaji kazi wa watumishi wa umma nayo ilihama kutoka fomu za OPRAS kwenda mfumo wa PEPMIS. Kampuni binafsi, zikiwemo za hoteli na utalii wa baharini, zimefuata njia hiyohiyo kwa kiwango chao: ratiba za zamu, maombi ya likizo, taarifa za vyombo na miongozo ya usalama huwekwa kwenye mtandao wa ndani.

Mabadiliko haya yameandamana na maandishi mengi kuhusu namna ya kusanifu mtandao wa ndani ulio rahisi kutumia. Maandishi hayo hushauri menyu fupi, utafutaji wenye nguvu, ukurasa wa mwanzo usiojaa mambo, na rangi zinazosomeka. Ushauri huo una manufaa. Hata hivyo, sehemu kubwa yake humchukulia mtumiaji kuwa mtu mmoja, aliyeketi mbele ya kompyuta yake mwenyewe, mwenye umeme na mtandao usiokatika, na mwenye kuanza kazi na kuimaliza katika kikao kimoja. Swali linaloongoza uhakiki huu ni hili: vigezo vya urahisi wa matumizi vinasema nini, na vinanyamazia nini, pale mtumiaji anapokuwa mtumishi wa kituo cha ghubani?

Uhakiki huu haupimi mfumo wa taasisi au kampuni yoyote mahususi. Kinachopimwa ni vigezo vyenyewe na namna vinavyotumiwa. Mifano ya fomu na kurasa inayotolewa ni ya kielelezo, na imeteuliwa kwa kuzingatia kazi za kawaida za ghubani pamoja na kanuni za Kiswahili kinachotumika pwani.

2.0 Ghuba ya Chole kama Muktadha wa Kazi

Ghuba ya Chole iko upande wa kusini mashariki wa Kisiwa cha Mafia. Utende iko kwenye kisiwa kikuu, na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo huizunguka ghuba kwa upande wa bahari kuu. Mji wa Kilindoni, makao makuu ya wilaya, uko pwani ya magharibi. Ghuba yote imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya mwaka 1994. Hifadhi hiyo, ya kwanza ya aina yake nchini, ina eneo la kilomita za mraba 822 na imegawanywa katika kanda zenye masharti tofauti ya matumizi. Ofisi zake ziko Utende, ilhali kitengo kinachoisimamia kina makao yake Dar es Salaam. Kando ya ofisi hizo zipo hoteli na vituo vya kuzamia ambavyo nguvukazi yake ni manahodha, waongozaji wa wazamiaji, wapishi, walinzi na watunza stoo.

Sifa mbili za mazingira haya zina uzito katika mjadala wa usanifu. Ya kwanza ni maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa ya kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Wakati wa bamvua tofauti ya kina ni kubwa zaidi kuliko wakati wa maji mafu, na sehemu za ghuba zinazopitika kwa boti asubuhi huweza kuwa mchanga na nyasi za bahari baada ya saa chache. Kwa hiyo doria, safari ya kuvusha wageni na kikao kinachowahitaji watu wa Jibondo au Juani haviwezi kupangwa kwa saa ya ukutani peke yake.

Sifa ya pili ni umbali kati ya anayetunga utaratibu na anayeutekeleza. Jambo hili si geni katika historia ya ghuba. Utawala wa Kijerumani ulikuwa na makao yake kisiwani Chole kabla ya kuyahamishia Kilindoni mwanzoni mwa karne ya 20, ambako meli za mvuke zilipata maji ya kutia nanga yaliyofaa zaidi. Ofisi ilihama kwa sababu waliokuwa wakiifikia walikuwa wamebadilika chombo. Tukio hilo linakumbusha kwamba ubora wa ofisi hauamuliwi na jengo lake tu, bali pia na njia ya kuifikia. Kauli hiyo inafaa vilevile kwa intraneti, ambayo ni ofisi isiyo na jengo.

3.0 Vigezo na Masharti Yake

3.1 Fasili ya ISO 9241-11

Kiwango cha ISO 9241-11, kilichotolewa mwaka 1998 na kurekebishwa mwaka 2018, hufasili urahisi wa matumizi kwa mambo matatu: watumiaji kufikia malengo yao, kuyafikia bila kupoteza nguvu na muda kupita kiasi, na kuridhika. Mambo hayo matatu ndiyo hunukuliwa mara nyingi katika ripoti za tathmini. Lakini fasili hiyo ina nusu ya pili. Inataka watumiaji wawe wamebainishwa, malengo yawe yamebainishwa, na muktadha wa matumizi uwe umebainishwa. Kwa maneno mengine, kiwango hakisemi kwamba mfumo ni rahisi au mgumu kwa ujumla. Husema ni rahisi kwa nani, kwa kazi gani, na mahali gani.

Ripoti inayotangaza kwamba intraneti ya taasisi ina urahisi wa matumizi wa kiwango fulani, bila kutaja kama wapimwaji walikuwa makao makuu au vituoni, imetumia jina la kiwango na kuacha sharti lake. Upungufu hapa ni wa mtumiaji wa kiwango. Fasili yenyewe inatoa nafasi kwa Utende, ila nafasi hiyo huachwa tupu.

3.2 Kanuni 10 za Nielsen

Kanuni za Nielsen za mwaka 1994 zimekuwa chombo maarufu cha tathmini kwa sababu ni fupi na hazihitaji maabara. Miongoni mwake zimo kanuni ya kumwonesha mtumiaji hali ya mfumo, kanuni ya kuoanisha mfumo na ulimwengu anaoujua mtumiaji, kanuni ya kuzuia makosa kabla hayajatokea, na kanuni ya kumwezesha mtumiaji kutambua badala ya kumlazimisha kukumbuka. Nguvu ya kanuni hizi ni kwamba zinamweka mtumiaji mbele ya mtambo.

Udhaifu unajitokeza katika namna zinavyotumiwa. Kwa kawaida mtathmini mtaalamu hukaa na kurasa na kuzikagua moja baada ya nyingine. Anaweza kuona kwamba kitufe hakisomeki au kwamba ujumbe wa kosa haueleweki. Hawezi kuona, kwa kuitazama skrini peke yake, kwamba neno lililo sahihi katika kamusi lina maana nyingine katika ofisi inayolitumia, wala kwamba saa iliyoandikwa vizuri itasomwa kinyume. Kanuni ya kuoanisha mfumo na ulimwengu wa mtumiaji haiwezi kutathminiwa na mtu asiyeujua ulimwengu huo. Sehemu ya 4.0 inalionesha jambo hili kwa mifano.

3.3 Rai ya watumiaji watano

Mwaka 2000 Nielsen alieleza kwamba majaribio yenye watumiaji 5 hufichua takriban 85% ya matatizo ya usanifu. Rai hii imependwa na taasisi zenye bajeti ndogo, na ni rahisi kuelewa sababu. Hata hivyo, Nielsen aliiwekea sharti: pale mfumo unapotumiwa na makundi yanayotofautiana sana, kila kundi lijaribiwe. Mhasibu wa makao makuu na nahodha wa boti ya doria ni makundi mawili kwa kipimo chochote kile, yaani kazi, kifaa, lugha ya shughuli na wakati. Watumiaji watano wa ghorofa moja ni kundi moja lililorudiwa mara tano.

Katika vigezo vyote vitatu, basi, hali ni ileile. Sharti lililokusudiwa kuwalinda watumiaji wasiofanana na msanifu ndilo linaloangushwa kwanza, kwa kuwa kulitimiza kunagharimu safari.

4.0 Lugha ya Kiolesura

Kiswahili kina historia ya kuheshimika katika kompyuta. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye kiolesura cha Kiswahili, na tangu hapo istilahi kama faili, kitufe, nywila, pakua na pakia zimeenea. Kwa sababu hiyo, hoja kwamba lugha hii haina maneno ya kutosha kwa intraneti haina mashiko. Tatizo lililobaki ni gumu zaidi, nalo ni uteuzi wa neno kwa kuzingatia ofisi husika.

Mfano ulio wazi ni neno *hifadhi*. Katika violesura vingi vya Kiswahili, hifadhi ni amri ya kutunza kazi iliyofanyika. Katika ofisi za Utende, hifadhi ni taasisi yenyewe, ni mipaka ya bahari, na ni sababu ya ofisi kuwepo. Ukurasa wenye menyu inayosomeka "Hifadhi" juu na kitufe kinachosomeka "Hifadhi" chini unampa mtumiaji neno moja kwa mambo mawili yasiyohusiana. Mtathmini wa mbali ataona tafsiri sahihi. Mtumishi mgeni atabonyeza neno la juu akidhani anatunza ripoti yake, ukurasa utabadilika, na maandishi yatapotea. Suluhisho halihitaji fedha: kitufe kisomeke "Tunza rasimu" au "Tunza na uendelee", na neno hifadhi liachiwe bahari.

Mfano wa pili una madhara makubwa zaidi, nao unahusu saa. Mswahili huhesabu saa kuanzia macheo na machweo. Barua rasmi huandika saa 3:00 asubuhi, na kila msomaji huelewa. Mifumo mingi ya kielektroniki, kinyume chake, hutumia saa 24 zinazoanza usiku wa manane. Fomu ya doria yenye kisanduku kilichoandikwa "Muda wa kuondoka" bila maelezo zaidi hukaribisha majibu ya aina mbili. Askari aliyetoka saa 11 alfajiri anaweza kuandika 11:00, na mfumo ukarekodi doria ya kabla ya adhuhuri. Mwenzake aliyezoea saa za kimataifa ataandika 05:00 kwa safari ileile. Rekodi zote mbili zitapita ukaguzi wa fomu, kwa kuwa zote ni saa halali.

Kosa hili halionekani kwenye skrini. Litaonekana baadaye, kama litaonekana kabisa, katika jedwali la mwaka linaloonesha doria za usiku kuwa chache kuliko zilivyokuwa. Iwapo uamuzi wa mafuta, boti au idadi ya askari utategemea jedwali hilo, herufi chache zilizokosekana kando ya kisanduku zitakuwa zimebadilisha ulinzi wa matumbawe. Kanuni ya kuzuia makosa inadai kisanduku kiwe na vipindi vya siku vinavyojulikana, yaani alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku, kisha saa ya Kiswahili, na mfumo wenyewe ubadilishe kwenda saa 24 nyuma ya pazia.

Mfano wa tatu ni wa siku. Kwa mapokeo ya pwani siku mpya huingia magharibi, hivyo usiku wa Ijumaa kwa wazee wengi ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Kwa kalenda ya kompyuta, usiku huohuo ni wa Alhamisi hadi saa sita ya usiku, kisha hugawanyika. Orodha ya zamu inayosema "Ijumaa usiku" inaweza kuwaita watu wawili kwa usiku mmoja na kuuacha mwingine bila mlinzi. Kiswahili cha kawaida tayari kina namna ya kuondoa utata huu: usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Msanifu anayeandika maneno hayo matano kwenye orodha ya zamu amefanya kazi ya usanifu kwa ukamilifu wake.

5.0 Mpangilio wa Taarifa

Intraneti nyingi hupangwa kwa kufuata muundo wa taasisi. Menyu kuu huwa na Utawala na Rasilimaliwatu, Fedha na Uhasibu, Ununuzi, TEHAMA, na idara za kitaalamu. Mpangilio huu unampendeza anayesimamia kurasa, kwa sababu kila idara ina sehemu yake na mtu wa kuulizwa. Kwa mtumishi wa kituo, mpangilio huo unamtaka ajue kwanza ni idara gani inamiliki jambo lake, na mara nyingi jambo lake halina mmiliki mmoja.

Chukuliwe kazi moja ya kawaida: kutoa boti kwa doria ya siku mbili. Kazi hiyo inahitaji ombi la mafuta, ambalo ni la fedha. Rekodi ya matengenezo ya injini, ambayo ni ya vyombo. Orodha ya zamu, ambayo ni ya utawala. Ramani ya kanda, ambayo ni ya uhifadhi. Na fomu ya masurufu, ambayo ni ya uhasibu. Katika intraneti iliyopangwa kwa idara, mtumishi atafungua sehemu tano. Katika kabati la karatasi la kituo kilichopangwa vizuri, mambo hayo matano huwa katika jalada moja lenye jina la kazi. Karatasi ilipangwa na waliofanya kazi, na hilo ndilo fundisho lake.

Haifuatii kwamba karatasi ilikuwa bora kwa kila hali. Jalada lililo mezani kwa mtu mmoja halisomwi na mwingine. Unyevu wa pwani huharibu nyaraka, na barua inayovuka bahari huchelewa. Hoja ni finyu zaidi: uhamisho kwenda mtandaoni umechukua yaliyoandikwa kwenye karatasi na kuacha namna yalivyopangwa. Zoezi la kuwapa watumishi wa kituo kadi zenye majina ya nyaraka na kuwataka wazipange katika mafungu wanayoyaona wao lingerudisha sehemu ya maarifa hayo. Zoezi hilo halihitaji hata kompyuta.

Suala la maji linahusika hapa pia. Kalenda ya intraneti huonesha sikukuu za kitaifa na vikao vya menejimenti. Majedwali ya kujaa na kupwa hukokotolewa kabla ya mwaka kuanza, hivyo yanaweza kuwekwa katika kalenda hiyohiyo bila gharama ya maana. Ofisa wa makao makuu anayepanga kikao cha saa 4 asubuhi Utende angeona hapohapo kwamba maji yatakuwa yamekupwa. Kuyakosesha maji nafasi katika kalenda ni kusema, bila kukusudia, kwamba wakati wa ghuba si wakati wa kazi.

6.0 Muda, Muunganisho na Kifaa cha Pamoja

Nielsen, akiendeleza utafiti wa awali wa Miller wa mwaka 1968, alitaja sekunde 10 kuwa ukomo wa mtu kuendelea kuzingatia jambo anaposubiri mtambo. Kigezo hiki kimewafanya wasanifu wapunguze uzito wa kurasa, na hilo ni jema. Lakini katika kituo chenye mtandao unaokatika, swali la mtumishi si kwamba atasubiri sekunde ngapi. Swali lake ni iwapo alichokwisha kukiandika kitakuwepo atakaporudi.

Mfumo unaomtoa mtumiaji baada ya dakika chache za ukimya umesanifiwa kwa ajili ya usalama wa ofisi yenye wapita njia. Ghubani, mtumishi huanza kujaza ripoti, maji yakafika kimo, boti ikaitwa. Anaporudi baada ya saa sita, fomu ni tupu. Daftari la doria halikuwa na tabia hiyo: lilifungwa likiwa nusu na kufunguliwa likiwa nusu. Sharti la chini kwa intraneti ya mazingira haya ni rasimu kutunzwa ndani ya kifaa bila mtandao, kuoanishwa mtandao unaporudi, na mtumiaji kuelezwa kwa maneno ya wazi hali ilivyo: "Imetunzwa kwenye kifaa hiki, haijatumwa" na baadaye "Imetumwa na kupokelewa". Maneno haya ya pili huchukua nafasi ya muhuri wa masjala. Bila hayo, mtumishi mwenye busara ataendelea kuchapa nakala ya karatasi, kisha ripoti zitalalamika kwamba vituo vinang'ang'ania karatasi.

Chanzo cha kukatika nacho kinastahili kutofautishwa. Mei 2024, hitilafu katika mikongo ya chini ya bahari ya EASSy na SEACOM ilidhoofisha intaneti nchini Tanzania na katika nchi jirani. Intraneti ambayo seva yake iko nchini ingepaswa kustahimili hali ya aina hiyo. Haistahimili iwapo kurasa zake huchota fonti, ramani au vipande vya programu kutoka seva za nje kila zinapofunguliwa. Ukurasa unaoitwa wa ndani, lakini usiofunguka bila kuvuka bahari mbili, ni wa ndani kwa jina. Kigezo hiki hakimo katika kanuni 10, nacho ni rahisi kukipima.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni mtumiaji mwenyewe. Vigezo vyote vilivyohakikiwa humhesabu mmoja mmoja. Katika kituo kidogo, kompyuta moja au kishikwambi kimoja huweza kutumiwa na watu kadhaa, na mara nyingi yupo mmoja mwenye wepesi wa mashine ambaye huwajazia wenzake. Kanuni za usalama hukataza kupeana nywila, na zina sababu. Lakini pale mfumo usipoweka njia halali ya kumsaidia mwenzako, msaada hupita njia isiyo halali. Nafasi ya mwakilishi anayejaza kwa niaba ya mwingine, huku majina ya wote wawili yakirekodiwa, ingelinda usalama na kutambua ukweli wa kazi kwa pamoja.

7.0 Lawama na Uzito Wake

Katika kitabu chake cha mwaka 1988 kuhusu usanifu wa vitu vya kila siku, Donald Norman alionesha kwamba watu wanaposhindwa kutumia kitu kilichosanifiwa vibaya hujilaumu wenyewe. Katika taasisi yenye ngazi, lawama hiyo huongezeka, kwa sababu aliye juu naye huikubali. Kisanduku kilichobaki tupu huitwa uzembe. Ripoti iliyopotea huitwa kuchelewesha. Kutofungua tangazo huitwa kutojali. Suluhisho linalopendekezwa huwa semina ya mafunzo, na semina hiyo huwafundisha watumishi kuyazoea makosa ya msanifu.

Uzito wa jambo hili umeongezeka tangu tathmini ya utendaji ihamie mtandaoni. Hoja hapa haihusu ubora wa PEPMIS au wa mfumo mwingine wowote kwa jina. Inahusu nafasi mpya ya kumbukumbu za kielektroniki: pale kazi inapohesabika kuwa imefanyika kwa sababu imeingizwa kwenye mfumo, ugumu wa kuingiza hugeuka kuwa upungufu wa mtumishi. Askari aliyekesha baharini na kushindwa kupakia ripoti anaonekana, katika jedwali, sawa na aliyelala. Urahisi wa matumizi ni suala la haki kazini kabla ya kuwa suala la uzuri wa kurasa.

8.0 Pingamizi

Inaweza kudaiwa kwamba matatizo haya ni ya miundombinu, na kwamba yataondoka mtandao na umeme vitakapoimarika. Dai hili lina ukweli kwa sehemu ya 6.0 pekee. Mtandao wenye kasi kubwa hautaondoa utata wa neno hifadhi, wala wa saa 11, wala wa usiku wa Ijumaa. Utaharakisha tu kufika kwa data zenye makosa.

Inaweza pia kudaiwa kwamba taasisi haiwezi kusanifu mfumo tofauti kwa kila kituo, na kwamba ulinganifu ni mojawapo ya kanuni za Nielsen zenyewe. Pingamizi hili ni zito zaidi. Jibu lake ni kwamba mabadiliko mengi yaliyopendekezwa hayahitaji mifumo tofauti. Rasimu inayotunzwa, saa isiyo na utata na menyu inayofuata kazi vinamfaa hata mhasibu wa mjini. Kalenda ya maji ndiyo peke yake iliyo ya pwani tu, nayo inaweza kufichwa kwa asiyeihitaji. Mfumo uliopimwa mahali pagumu hutumika mahali rahisi, lakini kinyume chake hakina uhakika.

9.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba vigezo vikuu vya urahisi wa matumizi havikatai mazingira kama ya Ghuba ya Chole. ISO 9241-11 inadai muktadha ubainishwe, Nielsen anadai makundi yatofautishwe na ulimwengu wa mtumiaji uheshimiwe, na Norman anaikataa lawama kwa mtumiaji. Kinachokosekana ni utekelezaji wa masharti hayo. Umeonesha pia mambo ambayo vigezo hivyo haviyafikii vya kutosha: kazi inayokatizwa na kuendelezwa, mtumiaji wa pamoja, na utegemezi wa seva za nje.

Kutokana na hayo, tathmini ya intraneti ya taasisi yenye vituo vya mbali inapaswa kujibu maswali manne kabla ya kutangaza matokeo. Watumiaji wa kituo walijaribiwa kama kundi lao wenyewe? Maneno, saa na siku zilithibitishwa na watu wanaozitumia kazini? Kazi iliyokatizwa inaweza kuendelezwa bila kupotea? Na mtumishi anajuaje kwamba alichotuma kimepokelewa? Tathmini isiyoweza kujibu maswali haya imepima kurasa, na kazi ya mtumishi wa kituo bado haijapimwa.

Watafiti wanaofuata wanaweza kuyajaribu maswali haya uwandani, katika vituo vya Mafia na vya mwambao mwingine, kwa kulinganisha rekodi za mfumo na madaftari ya vyombo kwa kipindi kimoja. Iwapo saa za rekodi hizo mbili zitatofautiana, itajulikana ni wapi usanifu unapaswa kurekebishwa, na ni lawama ngapi zilizoandikwa kwa majina ya watu zisizostahili kuwa zao.